Sakafu ya Basi la Baba

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ukuta wetu, nilimtoa Mama mlangoni, nikamketisha kwenye kiti cha plastiki na kumwosha miguu katika beseni. Ilikuwa imevimba, na maji ya uvuguvugu yalimpa nafuu kidogo. Yeye aliwatazama majirani wakienda kazini na kuwasema chini chini: yule ameoga nusu, huyu leo amekosana na mkewe. Asubuhi hiyo nilikuwa bado kwenye mguu wa kushoto tuliposikia kishindo kama cha kabati la vyombo likianguka.

Kilitoka ndani ya basi la Baba, lililoegeshwa kando ya nyumba.

Nilikimbia na sabuni mikononi. Baba alikuwa amewasha injini ili alisogeze basi mbele kidogo, lipate kivuli. Gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni, bodi ikajipinda, na sakafu aliyoiweka kwa siku nne ikapasuka kutoka mlangoni hadi kitandani. Baba alisimama katikati yake, ameshika kipande cha kigae.

"Usimwambie mama yako," alisema.

"Amesikia, Baba."

Basi hilo lilikuwa la shule moja, likazeeka, likauzwa. Baba, Tobias Owiti, aliyekuwa dereva maisha yake yote, alilileta hapa Makadara mwezi ule daktari alipotuambia tumrudishe Mama nyumbani, akale anachotaka. Aling'oa viti vyote vya abiria. Akaweka kitanda, meko ya gesi, sinki na mapazia. Watoto wa mtaa wakaliita Konokono.

Majirani walidhani mzee amepata wazimu wa kustaafu. Sisi tulijua. Kwetu, mke hazikwi kabla mwili wake haujalala ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Mama hakuwa na nyumba kijijini. Desturi ni kwamba mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa wake, isipokuwa mkubwa mwenyewe amruhusu. Baba Naftaly, kaka yake Baba, alihamia Mombasa akiwa kijana na hakujenga kamwe. Baba alitwambia tangu tukiwa wadogo kwamba Naftaly amekataa kutoa ruhusa. Kwa hiyo kila Desemba tulipoenda kijijini Mama alilala kwenye nyumba ya binamu ya Baba, sebuleni, na asubuhi alikunja godoro kabla wenye nyumba hawajaamka. Miaka thelathini na minne.

Mke asiye na nyumba akifa, wanaume husimamisha kibanda cha mabati kwa siku moja. Mama aliwahi kukiona kimoja kwenye mazishi ya jirani. Alisema mara moja tu, akichambua sukuma wiki, "Mimi msinilaze kwa kitu kama hicho."

Basi halina msingi, kwa hiyo halivunji desturi. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya Baba. Lakini binamu yake mmoja alimcheka kwenye simu: nyumba gani unakanyaga bati? Siku iliyofuata Baba alirudi na vigae, mchanga na mfuko wa saruji.

Mimi nina diploma ya ujenzi. Nilijua kwamba sakafu ya gari hujipinda, na saruji haijui kujipinda. Nilimwona akikoroga kama mtu anayejenga veranda, neno likanifika kwenye ulimi, nikalimeza. Sikuwahi kumkosoa Baba. Hata nikiwa mdogo, akivaa shati ndani nje, nilimwacha aende hivyo hivyo.

Siku hiyo sakafu ilipopasuka, nilimpigia simu Musau, fundi wa vigae ambaye nilifanya kazi chini yake wakati wa mafunzo. Alifika kabla ya saa sita, akapanda basi, akatazama ule uharibifu na kuvua kofia.

"Mzee Owiti, hii ni gari ama ni bafu?"

"Ni nyumba," Baba alisema.

"Basi hii nyumba ukipita bampu moja Jogoo Road, inakuwa kokoto." Akanigeukia. "Na wewe injinia ulikuwa wapi? Ama ulikuwa unaogopa mzee?"

Nikainama na kuanza kuokota vipande vya vigae. Musau hakurudia utani huo.

Tulibomoa sakafu yote. Tukafunga mbao juu ya bati kwa skrubu, tukalaza mpira mwembamba, kisha plaiwudi. Tuliacha vigae vikubwa, tukachukua vidogo vya mawe, vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu vingi vidogo hugawana mtikisiko. Tuliviweka kwa gundi inayovutika. Musau aliitandaza kwa mwiko wenye meno, mimi nikapanga, Baba akapitisha nyundo ya mpira na kugonga kila kimoja, akisikiliza kama kuna uwazi chini yake.

"Mzee, unagonga kama daktari," Musau alisema.

"Nyamaza, nasikia."

Kila nilipoingia kumpa Mama uji, aliuliza, "Imefika wapi?"

"Imefika kwa meko, Mama."

Siku ya pili: "Imefika kwa dirisha la kati." Alikunywa vijiko vitatu. Siku ya tatu hakunywa kitu. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na kati ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na nafasi ambayo haikuwapo jana.

"Imefika wapi?"

"Imefika mlangoni. Imeisha."

"Basi nipelekeni kwangu."

Nilitoka nje. Musau alikuwa akiosha mwiko kwenye ndoo, Baba akikung'uta vumbi kwenye suruali. Niliwaambia.

"Gundi haijashika," Musau alisema polepole. "Mpaka kesho wakati kama huu. Mkikanyaga sasa, vitateleza. Kazi yote inaharibika."

Baba alitazama mlango wa basi, kisha mlango wetu. "Kesho basi. Mwambie kesho asubuhi, Lorraine. Nimeiharibu mara moja. Siwezi kumpa nyumba mbovu."

Niliona atakavyofanya: atangoja. Atakaa kwenye kiti cha dereva na kungoja, kama alivyongoja miaka yote. 

"Baba, hatafika kesho," nilisema. "Mbebe sasa. Kanyaga."

Musau aliacha kuosha. Baba alinitazama kana kwamba hakuijua sauti yangu. Halafu akainama, akavua viatu, akavipanga kando ya ngazi ya basi.

Alimbeba Mama peke yake. Alikuwa mwepesi, kitambaa cha kichwa kikimteremkia. Niliwatangulia ili nishike pazia, nikipita ukingoni. Baba aliingia kwa soksi, na kila hatua nilisikia vigae vikisogea kwa mlio mdogo wa maji maji. Safu zilipinda nyuma yake. Musau, aliyekuwa na goti bovu na siku tatu za kazi pale chini, alisimama mlangoni na kusema tu, "Pole pole, Mzee. Hapo kuna meko."

Baba alimlaza kitandani. Mama aligeuza kichwa, akaangalia meko, sinki, mapazia ya maua. Akaangalia chini.

"Ni mawe kweli," alisema.

"Ni mawe."

Aliteremsha mkono, nami nikausaidia mpaka vidole vikagusa sakafu. Gundi ilimshika ncha za vidole. Alitabasamu kidogo, akafumba macho, lakini kifua kilikuwa bado kinapanda.

Baba alipiga magoti juu ya vigae vibichi. Nilidhani anataka kunyoosha vile vilivyopinda. Aliushika ule mkono wenye gundi.

"Truphena," alisema. Mbele yetu alikuwa akimwita Mama Lorraine siku zote. "Truphena, unanisikia?"

Mama akaitikia kwa koo.

"Naftaly hakunikataza kujenga. Hakunikataza. Sikuwahi kumwomba. Niliona haya kumwomba, mwaka baada ya mwaka, na nikakuacha ulale sebuleni kwa watu. Ni mimi. Nisamehe, Truphena, ni mimi."