Bwana Mkubwa Anataga

Fundi saa alijivunia jicho lake. Mbegu ya kuku wa kikofia, wale wenye shungi linalowaangukia usoni, ilikuwa imekaribia kupotea kabisa. Vifaranga watatu walipototolewa kwake, alivaa kioo chake cha kukagulia saa, akawatazama mmoja mmoja na kutoa hukumu: jogoo mmoja, majike wawili. Ushauri wa mtu hakuutaka.

Yule jogoo akampa jina la Bwana Mkubwa. Alimlisha kiganjani, akamweka juu ya meza ya kazi, akamsimulia saa zilizomshinda. Jike mmoja alimpa shemeji yake, dada wa mkewe, akimwahidi kwamba atamtagia mayai. Miezi ikaenda, Bwana Mkubwa hawiki.

"Wakubwa hawapigi kelele," fundi alisema.

Ndipo wenzake wa chama cha wafugaji walipokuja, wamependeza, kumwona jogoo wa kuokoa mbegu. Bwana Mkubwa akapandishwa mezani. Akazunguka, akachuchumaa katikati ya mifuniko ya saa, akajikamua. Yai.

Mwenyekiti, mkunga mstaafu, akaliinua. "Hongera, fundi. Mama na yai wazima."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Fundi hakucheka; alivaa kioo chake, akalikagua yai. Kama huyu ni jike, na yule aliyebaki bandani naye hajawahi kuwika, basi jogoo, kama yupo, yuko kwa shemeji! Alitoka mbio, kioo bado kiko jichoni, akijigonga kwenye kila ukuta wa upande wa jicho hilo.

Kwa shemeji maji yalikuwa jikoni yanachemka, na kuku amefungwa miguu.

"Shemeji, usimchinje!"

"Nimsubirie nini? Hatagi, na kila alfajiri ananipigia makelele!"

"Huyo ni jogoo!"

"Najua ni jogoo. Wewe ndiye uliyeniapia ni jike."

Fundi alibembeleza, akaahidi kuku yeyote wa sokoni. Shemeji hakusikia la mtu: aliahidiwa kikofia anayetaga, na aliyekuwa ametaga ni mmoja tu. Ama sivyo, mbegu yote inaishia sufuriani.

Ilimuuma, ilimuuma sana. Alirudi na Bwana Mkubwa ndani ya koti, akamkabidhi taratibu, akapokea jogoo asiyemzoea hata kidogo. Shemeji akampapasa kuku wake mpya shungi.

"Anaitwa nani?"

Fundi akafunga koti lililobaki tupu. "Bwana Mkubwa."

"Jike?"

"Ndilo analoitikia, shemeji. Usimbadilishie."