Video ya Mwisho ya Mzee Apolinary

Mzee Apolinary alipoanza kudhoofika, binti yake Vestina alifanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alikuwa akiishi naye nyumbani kwao Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na kila jioni akishamlisha aliegemeza simu yake kwenye kopo la majani ya chai, akamwambia, "Taata, sema chochote." Mzee alikuwa mpigaji wa enanga, ile ala ya nyuzi ya Wahaya ambayo mpigaji huilaza mapajani, na katika ujana wake hakuna harusi ya maana pale kijijini iliyofanyika bila yeye. Basi alipiga, akaimba, akachoka, akasimulia. Simu ilipojaa, Vestina aliipeleka kwa Ephrasia, mwenye duka la steshenari karibu na stendi, video zikahamishiwa kwenye laptopu ya dukani na kufutwa kwenye simu, ili jioni ipatikane nafasi ya kurekodi tena.

Mdogo wake Vestina, Audax, alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja mjini Bukoba, amepanga Rwamishenye. Vestina alimpigia zaidi ya mara moja. "Taata anakuulizia," alimwambia. Audax alijibu kwamba kidato cha nne wako ukingoni mwa mtihani, wakimaliza tu atakuja. Hakuwa akidanganya. Lakini Muleba si safari ya kulala njiani. Mtu huenda asubuhi na jioni akawa amerudi kwake, na hilo alilijua vizuri. Mzee alifariki mitihani ikiwa bado inaendelea.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kupungua, ndugu hao wawili walikaa jikoni wakimenya ndizi. Vestina akasema bila kuinua macho, "Kuna video moja ya mwisho. Hiyo sijaitazama. Aliniambia niwashe simu kisha nitoke, kwa kuwa maneno yale ni ya kwako."

"Hukusikiliza hata kidogo?"

"Alisema ni ya kwako, Audax. Ningesikiliza ya nini?"

Kesho yake Audax alipitia dukani kwa Ephrasia akiwa na diski yake ya nje, ile aliyohifadhia mitihani ya miaka iliyopita. Hakutaka kuitazama video pale, mbele ya wateja waliosubiri kutoa kopi. Laptopu ya Ephrasia ilikuwa imejaa kazi za watu, kwa hiyo badala ya kunakili walizihamisha video zote moja kwa moja kwenda kwenye diski. Ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuhama, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilikuwa imezeeka. Haikupita muda, kioo kikawa cheusi.

"Imelala tu, haikuzima," Ephrasia alisema. "Tungoje umeme urudi niiamshe, niitoe diski kwa utaratibu."

"Gari langu linaondoka, dada. Si zimeshahama?"

"Zimehama, ila ingekuwa vizuri ungoje."

Audax alichomoa waya, akaifunga diski ndani ya sweta, akamshukuru, akatoka.

Alifika Rwamishenye mchana, akafunga mlango na kufungua laptopu yake. Alikuwa ameachana na Windows siku nyingi kwa sababu ya virusi vya flashi za wanafunzi, akaweka Linux, na kwa kawaida diski ile ilipochomekwa ilijitokeza yenyewe kwenye kioo. Safari hii taa yake iliwaka, sauti ya kuzunguka ikasikika, lakini haikujitokeza. Alijaribu tundu jingine na waya mwingine. Mwishowe alifungua dirisha la kuandikia amri, akaiamuru mashine iipachike, yaani iiunganishe ili isomeke. Ilimjibu kwa mstari mmoja: diski ina mambo ambayo bado yameshikiliwa kwenye kumbukumbu ya Windows, kwa hiyo imekataa kuipachika.

Alimpigia Shamsa, mwalimu mwenzake aliyefundisha kompyuta, akamweleza yaliyotokea dukani, akamsomea maneno yale.

"Usiilazimishe, Mwalimu," Shamsa alisema papo hapo. "Diski haijaharibika. Ile laptopu ililala ikiwa na kazi mkononi. Kuna vitu imevishika kichwani, haijamaliza kuviandika kwenye diski. Mpigie mwenye laptopu asiiwashe. Kesho rudi Muleba, mchomeke diski kwanza, ndipo aiamshe. Itamalizia palepale ilipoachia."

"Hakuna njia ya kuifungulia hapa?"

"Ipo amri ya kuisafisha. Ila ukiisafisha, kila ambacho hakijaandikwa umekisahaulisha. Ni usiku mmoja tu, Mwalimu. Vumilia."

Audax alimpigia Ephrasia. Umeme ulikuwa bado haujarudi. Akaahidi kwamba laptopu haitaguswa mpaka aje. Kila kitu kilikuwa kimepangika. Kilichobaki kilikuwa ni yeye kupika, kula na kulala.

Hakuweza. Alijaribu kusahihisha karatasi, akajikuta anasoma jibu lilelile mara mbili. Diski ilikuwa mezani mbele yake, na ndani yake baba yake alikuwa anamsubiri aseme naye. Miezi ile yote Muleba ilikuwa karibu na hakuenda. Sasa aliona hawezi kukaa hata usiku mmoja. Alijiambia kwamba Shamsa ni mtu wa hofu, kwamba walimu wa kompyuta hukuza mambo. Akatafuta kwenye mtandao, akaikuta amri yenyewe, na chini yake watu wengi kutoka nchi za mbali wakishukuru kwamba imewasaidia. Aliiandika taratibu, herufi kwa herufi, kisha akabonyeza.

Mashine ilimwambia kazi imefanyika vizuri. Alipoiamuru tena iipachike diski, ilitii bila neno, na kwa kitambo kidogo Audax alijisikia mshindi. Folda ilifunguka. Video zote zilikuwepo, zimepangwa kwa tarehe. Ya kwanza ilipocheza, Mzee Apolinary alitokea amevaa koti lake la misa, akikaza nyuzi za enanga na kulalamika kwamba vidole vimekuwa vya mtu mwingine. Audax alicheka peke yake chumbani. Hakuendelea kuitazama. Alishuka mpaka ya mwisho, akaibonyeza.

Haikufunguka. Alitazama ukubwa wake: sifuri. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, ndani hamna kitu.

Alikaa pale mpaka chai iliyokuwa pembeni yake ikapoa. Hakumpigia Shamsa.

Asubuhi alikwenda Muleba hata hivyo. Walichomeka diski, Ephrasia akaiamsha laptopu, nayo ikaamka ikidai kwamba diski hiyo si ile iliyoiacha. Video haikuwemo humo wala kule. Ephrasia aliuliza kama kuna kitu alikifanya jana, na Audax akakubali kwa kichwa. Baadaye Shamsa naye alihangaika na programu ya kufukua vilivyofutwa, kwenye diski na hata kwenye simu ya Vestina. Vilitoka vipande vya mitihani ya zamani na picha za harusi ya mtu. Shamsa hakumlaumu, na hilo lilimwumiza Audax zaidi.

Lakini siku ileile aliyorudi Muleba, alipotoka dukani, Audax alikwenda kwanza nyumbani kwao. Vestina alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye mkeka. Audax alimweleza yote akiwa amesimama, tangu waya alioung'oa mpaka amri aliyoiandika.

Vestina aliendelea kugeuza kahawa. "Huyo mwalimu mwenzako alikukataza?"

"Alinikataza."

"Na ukafanya."

"Nilitaka kumsikia."

"Alikuwepo hapa, Audax. Miezi yote ile alikuwepo hapa, anasikika." Hakulisema kwa ukali. Akaweka chini reki, akaenda kunawa mikono, akakaa kwenye kizingiti na kumpisha naye akae.

Audax alikaa, akauliza, "Jioni ile ya video ya mwisho ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa nakoka moto, kuni zilikuwa mbichi. Nilisikia enanga kidogo, kisha akaanza kuongea. Maneno sikuyashika. Lakini aliongea kama anavyoongea na mtu aliyekaa mbele yake. Hakuwa na hasira, kama hilo ndilo linalokusumbua."

"Aliongea sana?"

"Aliongea mpaka maji yakachemka."

Audax aliinamisha kichwa. Alitaka kuuliza zaidi, lakini dada yake alikuwa ameshatoa chote alichokuwa nacho.

Siku ya misa ya arobaini, ndugu walijaa kibanjani. Baada ya chakula Audax aliunganisha laptopu na runinga ya jirani, akawaonyesha video za mzee. Wazee waliimba pamoja naye. Shangazi mmoja alikuja karibu kabisa na kioo, akamsalimia Apolinary kwa Kihaya, akangoja kama ataitikiwa. Watoto walicheka, yeye mwenyewe akacheka pia huku akijifuta machozi kwa kanga.

Video ya mwisho kati ya zile zilizopona ilipomalizika, baba mdogo wao aliyekuwa mbele aligeuka.

"Ndizo zote, Audax?"

Vestina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Ndizo zote, waitu," Audax alijibu kwa adabu ya Kihaya. "Ndizo nilizonazo."