Wali Haujakatwa

Saa tano asubuhi wali ulitoka mlango wa mbele wa ofisi ya tarafa, umebebwa na makarani wawili kwa madaha kama bibi harusi: mlima wa manjano uliochongoka, umezungukwa na kuku wa kukaanga, mayai na vipande vya tempe, soya iliyochachushwa ikaganda. Wanawake arobaini na mmoja walioketi kwenye mikeka uani wakaacha kuimba. Tangu alfajiri hawakuwa wametia kitu tumboni.

Mbok Wariyem, aliyekuwa mstari wa mbele, aliitambua hila kabla sinia halijatua. Mjane huyu, ambaye wote walimwita Mbok, yaani mama, aliishi kwa kutengeneza tempe, na kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekata wali katika kila shughuli ya kijiji. Kanuni yake aliijua kuliko mtu yeyote: dua ikishasomwa, kilele kikakatwa na kila mtu akafungiwa mgao wake kwenye jani la mgomba, shughuli imekwisha. Watu huenda makwao. Kubaki mkekani na mgao mkononi ni aibu.

Pak Hendarto, mkuu wa tarafa, akajitokeza na tabasamu pana. "Mama zangu, jua lote hili! Mambo ya chemchemi tutayazungumza siku nyingine, kwa utaratibu. Leo tule, tuombeane heri. Mbok, wewe ndiye mwenye mkono wa baraka." Akamwekea kisu mbele yake.

"Alaa! Leo tumekuwa mama zake," Saminah, aliyeketi kando ya Mbok Wariyem, akanong'ona. "Juzi si tulikuwa wachochezi?"

Mbok Wariyem hakucheka. Siku nne kabla ya hapo alikwenda kituo cha polisi na barua ya taarifa ya mkusanyiko huu, akajikuta akisema kwa mazoea, "Naomba ruhusa." Askari, mtu mwema kwa namna yake, akamshauri aandike kuwa ni shughuli ya dua, mambo yawe mepesi. Akaishika kalamu. Akaikumbuka chemchemi, ilivyokonda tangu kiwanda cha maji ya chupa kichimbe visima juu ya kilima, na soya zake zilizoozea ndooni kwa kukosa maji ya kuzisuuza.

"Hapana," alisema hatimaye. "Barua ibaki hivyo hivyo, tunakuja kudai maji. Na ruhusa siombi tena. Sheria inasema nitoe taarifa, nami nimetoa." Akaiacha barua mezani, akatoka.

Lakini sasa kisu kilikuwa mbele yake. Kukataa chakula cha mwenyeji! Mama yake angemsonya huko huko kaburini. Nyuma yake mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba labda wachukue tu, wakawape watoto. Mbok Wariyem alimwonea huruma. Alijionea huruma pia, maana harufu ya kuku ilikuwa imemfika kooni.

Akachukua kisu. Uso wa Pak Hendarto ukang'aa.

Mbok Wariyem akainuka, akauendea mgomba uliokuwa kando ya ukuta wa ofisi, akakata jani moja refu. Akarudi nalo bila haraka, akaufunika wali wote tangu kileleni hadi kwenye sinia, akazipinda ncha vizuri kama afungavyo tempe inayosubiri kuiva.

"Asante, Pak. Wali mzuri huu," alisema. "Tutaukata tukishamaliza tulichokuja kufanya."

"Utapoa, Mbok."

"Wali wa baridi tumeuzoea."

Akaketi, kisu akakilaza mapajani. Yule mwanamke wa nyuma akacheka kidogo, cheko la njaa, na Saminah akauanza wimbo pale walipouachia. Sauti zikampokea moja baada ya nyingine.

Pak Hendarto alibaki amesimama juani. Alitazama saa yake, akalitazama jani, akawatazama makarani, ambao ghafla walikuwa na shughuli nyingi za kutazama miguu yao. Beti mbili za wimbo zikapita. Kisha, kwa kuwa hakuna aketiye na watu mkekani akiwa amevaa viatu, akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.