Mtoto Asiyelia

Kwa fundi seremala, fimbo haikuwekwa chini mpaka mtoto alie. Bintiye hakulia hata siku moja, basi akabandikwa jina la Sikio la Kufa, akawa anachapwa mpaka baba achoke mwenyewe. Leo kamleta hospitali kwa kuwa anachechemea huku anacheka.

Daktari alimchoma sindano kiganjani. Binti akapiga miayo.

"Mzee, mwanao kazaliwa hasikii maumivu. Ni ugonjwa adimu, na dawa hauna. Lakini picha inaonyesha mifupa imevunjika mara nyingi. Nani kamvunja?"

Fundi akaitazama mikono yake. "Nilikuwa nangoja alie."

Binti akamgeukia, kashangaa kweli. "Kumbe ulitaka nilie tu, baba? Si ungeniambia!"