Aibu Tatu za Gari la Sumeya

Tangu Wanyoike afungue yadi yake ya magari kando ya barabara ya kwenda Njoro, hakuwahi kumwona mteja akiomba nafasi ya kulisema vibaya gari lake mwenyewe. Wateja wake humjia na magari yaliyong'arishwa yakang'aa, wakiapa kwamba mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyelitoa nyumbani Jumapili tu. Huyu mama wa mtaa wa Bondeni alifika na gari limejaa vumbi la mashamba ya Kuresoi hadi kwenye vioo. Alilizima, akashuka polepole huku ameshika goti la kushoto, na kabla hata hajapewa kiti akasema, "Kwanza nikutajie aibu zake."

"Aibu?" Wanyoike alicheka. "Mathe, gari haina aibu. Aibu ni ya watu."

"Kwetu kasoro ya bidhaa huitwa aibu, na muuzaji hukutajia kabla hujatoa hela. Marehemu baba aliuza vitambaa hapa mjini miaka arobaini. Jora likiwa na tundu dogo kama la sindano, alikishika kidole cha mnunuzi akakiweka juu ya lile tundu. Basi nawe nipe kidole chako."

Jina lake Umaima. Aliuza viazi karai, vile vya kukaangwa kwa unga, na kila wiki alipanda Kuresoi kufuata viazi mwenyewe, maana hakumwamini dalali yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Sasa goti lilikuwa limemshinda. Daktari alimwambia aachane na gari la klachi, naye akawa amekuja kulitoa hili, aongezee pesa juu, achukue la otomatiki. Hilo ndilo alilomweleza Wanyoike.

Asilomweleza ni kwamba gari lilikuwa la bintiye, Sumeya, aliyelinunua kwa mishahara yake ya kwanza ya uuguzi, kisha akaenda Jeddah kwa mkataba wa miaka miwili. Miwili ikazaa sita. Mama alimwahidi kumtunzia gari hadi arudi, na akalitunza. Kila Ijumaa baada ya swala simu ililia, na kila Ijumaa Umaima aliuliza utarudi lini kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, asije akamtia mtoto unyonge. Ijumaa iliyopita alimgusia habari ya goti. "Uza tu, Mama," Sumeya alijibu, tena kwa upole wote. "Kwani mimi nitaliendesha lini tena?" Umaima akasema haya, mwanangu. Alipokata simu aliinamia sinki la jikoni akalia mpaka mafuta ya viazi yakaungua.

"Aibu ya kwanza," alisema sasa, akikivuta kidole cha Wanyoike kweli kweli, "dirisha hili la nyuma halipandi mpaka ulisukume kwa kiganja. Ya pili, ukikata kona kali ya kulia, honi inalia yenyewe. Watu wa Molo wanadhani nawasalimia. Kuna mzee mmoja huninyanyulia kofia kila wiki, na mimi hata simjui."

Wanyoike alicheka hadi akajifuta macho. "Hizo ni ndogo, mathe. Hata singejua. Ya tatu?"

Umaima alikiachia kidole chake. "Kiti cha dereva kimekwama huko nyuma. Hakisogei. Mimi huendesha na mito miwili mgongoni."

"Imekwama tangu lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita! Na hukutafuta fundi?" Akageuka akaita, "Cheruto! Hebu kuja uone hii."

Cheruto, fundi wa yadi, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya buluu, hakuwa na maneno mengi. Aliitoa ile mito, akainama, akapitisha mkono chini ya kiti na kukiinua kile chuma cha kusogezea. Ka-ka-ka-ka. Kiti kikateleza mbele kama kilichotiwa mafuta jana.

"Haijakwama," alisema.

Umaima alikitazama kile kiti. Nani alimwambia kimekwama? Alitafuta kichwani, na Mungu ni shahidi, hakumpata mtu. Alikumbuka tu juma lile Sumeya aliposafiri, pale kwa waosha magari, jamaa mmoja alipoinama akisogeze apate kufagia chini yake. Umaima alimpigia kelele, "Usiguse! Kimekwama!" Kisha akamwambia jirani hivyo hivyo, na muuza viazi, na kila aliyemcheka kwa ile mito, hadi neno likakomaa na yeye mwenyewe akaliamini. Mwanawe ni mrefu, amewafuata amu zake upande wa baba. Pale nyuma ndipo alipokiweka, miguu yake ienee.

"Keti ujaribu, mama," Cheruto alisema.

Aliketi. Mguu wa kushoto ulishuka ukaikuta klachi pale pale, bila kunyooka. Aliikanyaga mara tatu. Goti halikusema kitu.

"Unaona? Ni kujivuta kulikuwa kunakuumiza. Siku hizi zote unaikanyaga na vidole tu. Gari hii haina shida na wewe."

Wanyoike alimkata fundi wake jicho. Lakini hakuwa mtu mbaya, akaguna, "Basi mathe, kama ni hivyo, rudi nayo nyumbani. Hizo mbili Cheruto atakutengenezea leo leo."

Ilikuwa habari njema. Umaima alijua ni njema.

"Kirudishe," alisema.

"Nini?"

"Kiti. Kirudishe kilipokuwa."

Cheruto alimtazama Wanyoike, Wanyoike akainua mabega. Fundi aliinama tena. "Ilikuwa jino la ngapi? Reli ina meno mengi, na sikuhesabu."

Umaima alijua Sumeya huvaa kiatu namba arobaini na moja, hulala ubavu wa kulia, na chai ya maziwa humchafua tumbo. Hili hakulijua.

"Nyuma kabisa?"

"Si kabisa. Kulibaki nafasi."

"Nafasi kiasi gani?"

"Nipe mito yangu," Umaima alisema. Aliipanga mgongoni, akaunyoosha mguu wa kushoto, akafumba macho. "Rudisha polepole. Nitakwambia."

Ka. Akaikanyaga klachi.

"Hapa?"

"Bado."

Ka.

"Hapa je?"

Umaima aliunyoosha mguu, akalisikiliza goti lake. "Bado haliumi," alisema. "Rudisha tena."