Taa Kwenye Buti la Gari

Alamelu alikuwa ameingoja safari ya Kodaikanal, mji wa mlimani wenye baridi, tangu alipoolewa. Marehemu mumewe aliahidi kumpeleka mwaka wa kwanza wa ndoa, akaahidi tena mtoto alipozaliwa, akafa akiwa bado anaahidi. Kwa hiyo Elango, mwanawe wa pekee, aliposema, "Mama, funga mizigo, tunapanda mlimani tukapunge upepo," bibi wa watu alilia pale pale jikoni, mwiko mkononi. Kufika jioni mtaa wao wote kule Madurai ulikuwa umeshajua. Mama mwenye mtoto mwema hanyamazi, na huyu hakujaribu hata kunyamaza.

Kilichomtia wasiwasi ni taa tu. Ndani ya nyumba ile, katika kijichumba cha ibada, alikaa mungu wao Murugan, sanamu ya shaba, na mbele yake taa ya mafuta ambayo Alamelu aliiwasha kila jioni tangu alipokabidhiwa na mama mkwe wake. Kwake yeye nyumba iliyokosa taa jioni ilikuwa gofu.

"Ufunguo wa pili nimeshampa jirani," Elango alimwambia. "Atawasha yeye. Wewe panda gari, Mama."

Akapanda, ufunguo wake mwenyewe ukiwa umechomekwa kiunoni kwenye sari, mahali pake pa siku zote.

Huko mlimani Elango alimbeba mama yake kama yai. Alimzungusha ziwani kwa mashua, akamnunulia mapeasi, akampiga picha kando ya farasi aliyekuwa na usingizi kuliko mpandaji. Alamelu akavimba kichwa. Aliyekuwa amenyong'onyea ni Poongodi, mke wa Elango, msichana ambaye nyumbani hakosi kicheko.

"Mkwe wangu, mbona umenywea hivyo?" Alamelu alimchokoza. "Au kuna mjukuu unanificha humo tumboni?"

"Baridi tu, Mama," Poongodi akajibu, macho chini.

Asubuhi moja wakaenda kwenye hekalu la Murugan la kule juu. Nyuma yake, ukungu ukiondoka, unaziona tambarare zote chini. Siku hiyo ulikuwa mzito, hata ukuta wa pili huuoni. Elango akaenda kununua mahindi ya kuchoma, Poongodi akaenda kutafuta maua. Alamelu, meno yakimgongana, akafungua buti la gari kutafuta shali.

Chini ya blanketi mkono wake ukagusa furushi la kitambaa kipya cha manjano. Kabla hajalifungua alishainusa harufu ya mafuta ya taa yake. Akalifungua. Murugan wake huyo, na taa yake hiyo, masizi ya utambi bado yako mdomoni.

Mara ya kwanza alifurahi, maskini. Alidhani wamemletea aiwashe huku. Kisha furaha ikamkauka. Mungu wa nyumba hatolewi kwenda kupunga upepo. Hutolewa watu wakihama, tena wakihama moja kwa moja.

"Elango!"

Akaja mbio, mahindi mikono yote miwili. Alipoliona furushi, uso ukamshuka.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Mama, si hapa. Watu wanatuangalia."

"Waangalie, macho ni yao. Nyumba yangu iko wapi?"

"Wanabomoa," alisema kwa sauti ndogo. "Walianza juzi. Mama, paa lilikuwa limeoza, na ungekataa tu, nakujua. Nimekutafutia chumba kizuri, ghorofani, lifti ipo..."

"Kwa hiyo umenileta huku nisisikie nyundo."

Nyumba ilikuwa kwa jina la Elango. Alamelu mwenyewe ndiye aliyemwandikisha, matanga ya mumewe hayajapoa, na kaka zake walipomwambia asubiri kwanza aliwacheka: mwanangu mimi, anizunguke mimi? Sasa kicheko kile kilimrudia, kikamchoma kuliko baridi. Mashua, mapeasi, picha na farasi, vyote vilikuwa kilemba cha ukoka, naye alikivaa akatembea nacho mji mzima.

Poongodi alikuwa amerudi na maua yake. Akaanza kulia.

"Nisamehe, Mama. Nilimwambia tukwambie, akakataa. Lakini Murugan sikuweza kumwacha mafundi wamkanyage. Tulipokutanguliza wewe garini, nilirudi ndani nikavunja nazi, nikawasha kafuri, nikamwomba ruhusa. Ndipo nikamwinua."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Ndiyo, Mama. Bila ruhusa ningemgusaje?"

Alamelu akamgeukia mwanawe. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka kavu.

"Shaba imeombwa ruhusa, Elango. Mimi niliyekuzaa je?"

Nyuma ya hekalu watu wakashangilia kwa vifijo; ukungu ulikuwa umefunguka. "Mama, twende ukaone," Elango akasema kwa pupa, kama mtu aliyeokolewa. "Tambarare zote zinaonekana. Ulizisubiri miaka yote hii."

Alamelu hakugeuza hata shingo. Alilifunga upya furushi, akalipakata kifuani kama mtoto mchanga. Kisha akauchomoa ufunguo kiunoni, akaubandika kwenye kiganja cha mwanawe, juu ya hindi lililoanza kupoa.

"Na huu nao," akasema, "mpelekee jirani."