Suruali Saba za Fundi

Mke wa fundi alikuwa ameshachoka hata kunusa siagi. Miezi sita mumewe, fundi cherehani, alikula mayai, nyama na mafuta tu. Mkate hataki, kiazi hataki. Kilo kumi na nane zikapukutika, na kichwa kikamvimba. Akazipunguza suruali zake zote saba, na kile kitambaa cha akiba kinachoachwa ndani ya mshono akakikata akakitupa. Fundi gani huyo! Wateja wote huwaachia inchi mbili, mwenyewe hakujiachia hata uzi.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Hospitalini wakakuta mishipa ya moyo imeziba, inahitaji kupasuliwa. Kabla ya upasuaji ilibidi apigwe picha: anachomwa sindano ya sukari ya kipimo, na misuli ya moyo iliyo hai huila ikang'aa. Picha ikatoka giza tupu.

"Moyo wako umezoea mafuta, sukari hauigusi," daktari alimweleza. "Nadhani misuli iko hai, ila kwa kudhani tu siwezi kumpasua mtu. Kula wanga kama zamani, wiki mbili, moyo uzoee tena. Halafu urudi."

Mke akapika viazi, akapika wali, akapaka jamu kwenye mkate. Sahani zikawa zinarudi tupu, naye akafurahi, maskini. Siku ya kumi na mbili alifungua droo ya cherehani akitafuta kifungo, akakuta mikate imefungwa ndani ya kitambaa cha bitana, imeota ukungu.

"Baba watoto, una akili timamu kweli?"

"Suruali hazitanitosha," alijibu kwa sauti ndogo. "Akiba nilishakata."

"Kwa hiyo nikuzike na suruali iliyokukaa vizuri?"

Alipiga kelele hadi wateja barazani wakageuka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu. Akachukua mkasi, akalikata gauni lake la maua alilolipenda kuliko yote, akaketi kwenye cherehani asiyoijua vizuri, akafumua kila suruali nyuma, akaipanua kwa kiraka cha maua. Mumewe alitazama mishono ile imepinda, akavuta sahani ya viazi, akala.

Walipomweleza ukweli, daktari aliwaongezea wiki mbili. Picha ya pili iling'aa karibu yote, isipokuwa pembe moja ndogo.

"Iko hai," daktari alisema. "Tutampasua."

Mke akakaa kwenye benchi. Hapo akamwona mumewe amesimama mbele ya manesi, ameweka mkono nyuma kuficha maua ya kiraka.

"Toa mkono huo," alimfokea huku akilia. "Waache wayaone."